Alijibu Fiti, Wakaandika Fiti

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Wakristo, Bwana asifiwe. Waislamu, asalaam aleikum. Na waliozaliwa nyumba za jadi za Kisukuma kama mimi, mwangaluka. Mwenyekiti wa mkutano amenisogezea kiti, nimekiona, asante sana, lakini mimi kuongea huku nimekaa siwezi. Mniache nisimame. Mkiniona natembeatembea hapa mbele msidhani nimepandwa na kitu. Ndivyo nilivyo tangu yaliponikuta haya ninayotaka kuwaeleza.

Nimeambiwa nisitaje majina ya watu wala ya ofisi. Sitataja. Mimi mwenyewe mnanijua, Mama Kulwa, ninayepika wali na maharage kule karibu na karasha, mashine zile za kusaga mawe ya dhahabu zinazotuziba masikio. Mliowahi kula kwangu mnajua mdomo wangu hauna breki. Na mwenye habari hii, mume wangu, ameniruhusu niiseme. Aliniruhusu kwa shingo upande, lakini aliniruhusu.

Mume wangu alikuwa askari. Aliingia jeshini kijana, akatoka na cheo cha koplo na mgongo mbovu. Mgongo ule hakuuharibu kwa kubeba magunia. Walikuwa safarini kikazi, gari la kikosi likaacha njia likapinduka korongoni, na yeye alikuwa nyuma pamoja na wenzake. Alitoka mwenyewe. Akarudi ndani kuwavuta wengine. Alipomaliza kuwavuta ndipo akaanguka chini. Alilazwa muda mrefu, na alipokuja nyumbani likizo nilimwona anatembea, nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mguu wa kushoto ukawa unakufa ganzi bila taarifa. Anatembea vizuri tu, mara mguu haupo. Kuinama hawezi. Asubuhi anashuka kitandani kwa kujiviringisha, anatanguliza magoti sakafuni, anashika ukingo wa kitanda, anahema, ndipo anasimama. Na hayo yote anayafanya kimya, uso mkavu. Ukimwangalia anakuuliza, "Unaangalia nini?"

Alipokaribia kustaafu aliitwa mbele ya bodi ya madaktari, waone kama anastahili malipo ya ulemavu alioupata kazini, pamoja na matibabu ya kudumu. Mimi nilibaki nyumbani, kwetu upande wa Maganzo, mkoani Shinyanga. Alirudi akalala kifudifudi, siku nyingi, uji nampa kwa kijiko kama mtoto. Nikadhani ni uchovu wa safari. Majibu yalipokuja yalisema hastahili. Amepona, anaweza kufanya kazi yoyote.

Nikamuuliza, "Baba Kulwa, kwani uliwaambia nini?"

"Waliniuliza, nikajibu."

"Ulijibu nini?"

"Mama Kulwa, uamuzi umetoka. Mkubwa akishaamua, ameamua." Akatoka nje kulisha kuku.

Jamani, nawaambia, mimi nilitamani kumrushia kile kibakuli cha pumba.

Kiinua mgongo chake tulijengea nyumba, kilichobaki tukakipeleka kwenye pamba, na mwaka ule jua likaila pamba yote. Mgongo wenyewe hakikuuinua. Tukafunga mizigo tukaja huku Geita kama walivyokuja wengi wenu, kila mmoja na habari yake. Mimi nikaanza kupika. Yeye akapata kazi ya kulinda duara moja, yaani shimo la dhahabu, huko machimboni. Mlinzi anakaa, anasimama, anatembea kidogo, nikaona sawa, mgongo utastahimili.

Kumbe hakulinda kwa muda mrefu. Mlinzi anapewa kidogo, anayeshuka chini anagawiwa mawe. Watoto walikuwa wanataka shule. Akaanza kushuka, na mimi hakuniambia. Anaondoka na sare ya ulinzi, anarudi na sare ya ulinzi, safi kabisa. Nguo za matope alikuwa anaziacha hukohuko. Mwanamume mwenye mgongo usioinama, mwenye mguu unaopotea, anashuka na kupanda kwa matimba! Kwa wasiofika machimboni, matimba ni yale magogo yanayopangwa kwenye kuta za shimo yasibomoke, na ndiyo ngazi yenyewe. Unashika gogo la juu, unakanyaga la chini, hakuna kamba, hakuna nini.

Nilijuaje? Kwa wateja. Mchana mmoja nawapakulia wachimbaji, mmoja wao, tope hadi kwenye nyusi, akaniambia huku anachekacheka kwa woga, "Mama Kulwa, mzee wako leo katutisha bwana."

Nikamuuliza, "Kawatisha vipi? Ameshika jambazi?"

"Jambazi gani? Tulikuwa tunapanda, yeye juu yangu, mguu ukamwachia. Akabaki ananing'inia kwa mikono. Nikamwekea bega hapa, mwenzangu akanisukuma mimi, ndipo tukafika juu. Tusingekuwa chini yake..." Halafu akaniona uso. Akainamia sahani yake.

Upawa ulinidondoka. Niliunguza wali ule kwa kusahau moto, nikafunga kibanda mchana kweupe. Nyumbani nikamsubiri mlangoni. Akaja, sare safi. Nikamwambia, "Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Hakuna lolote?"

"Mhola duhu."

Wasukuma mnajua, na wageni mshaizoea. Mhola duhu, salama tu. Kwetu hata nyumba ikiungua, jirani akija kukuuliza mhola, unamjibu mhola duhu, halafu ndipo unamweleza kwamba paa limekwenda na mbuzi wamekufa. Ndiyo adabu yetu, kwanza unampokea mtu kwa heri. Taabu ya mume wangu ni kwamba akishasema mhola duhu, ya paa na mbuzi huwezi kumtoa hata kwa koleo.

Nilimwambia ninajua. Nilimwambia asishuke tena. Akanitazama, akauliza, "Na watoto wale nini, waende shule na nini?" Nikasema wali wangu. Akasema wali wangu unatosha chumvi na kodi. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana niliumia zaidi.

Kuanzia hapo, ndugu zangu, sikuwa mtu tena. Nikisikia kelele machimboni, hata kama ni watu wanagombania mfuko wa mawe, mimi mbio. Mwiko mkononi, kanga inaburuzika, napita kati ya bodaboda kama kichaa. Nafika duarani nauliza, "Nani? Nani?" Wananiambia, "Hakuna mtu, Mama Kulwa, wamepata mawe mazuri, wanashangilia." Narudi, nakuta ugali umeshika chini, wateja wamehama. Walianza kuniita Ambulensi. Mnacheka, na mimi leo nacheka, lakini wakati ule nilikuwa nalia nikiwa nageuza chapati. Nikashindwa hata kuchambua mchele. Kanisani humu nikaacha kuja, kwa sababu kila nikifumba macho kuomba nilikuwa naliona shimo. Nilikuwa namwombea mume wangu na kumlaani kwa pumzi hiyohiyo. Nilikonda mpaka shemeji yangu akaniuliza kwa siri kama nimepima.

Basi siku moja nilikwenda Shinyanga mjini kumsindikiza dada yangu, alikuwa na kesi ya shamba. Kuna dada mmoja pale, msaidizi wa kisheria, anasaidia watu wasio na uwezo wa wakili. Dada yangu akaeleza ya kwake, mimi niko mlangoni natoka naingia, natoka naingia. Yule msaidizi akaniuliza, "Na wewe mama, kuna nini? Unanichosha macho."

Nikamwaga yote. Nilianza na gari kupinduka nikamaliza na upawa. Akanisikiliza, akauliza, "Uamuzi huo mliupinga?"

Nikamwambia, "Unapingwaje? Si ni wa wakubwa?"

"Wakubwa ni watu, mama. Muda wa rufaa umeshapita, hilo sikufichi. Lakini kama hali yake imezidi, na mkapata vipimo ambavyo bodi haikuviona, mnaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Bodi ikae tena, imwone tena."

Nikasema niandikie mimi sasa hivi, natia dole gumba. Akatikisa kichwa. "Wewe huwezi kuomba. Lazima aombe yeye mwenyewe, na lazima afike mwenyewe." Nikatoka pale nimepewa ufunguo wa mlango ambao hakuna wa kuusukuma.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilimbembeleza. Nililia. Nilinuna. Nilimpikia kuku, nikaacha kumpikia kabisa. Nilimtuma mchungaji, akampokea kwa heshima, wakaongea habari za mvua. Jibu lake lilikuwa lilelile: mkubwa akishaamua, ameamua, askari hambishii afande. Nikamwambia umestaafu! Akasema mguu umestaafu, yeye hajastaafu.

Hapo ndipo akili ikanijia, nikiwa nimeshika tama kwenye jiko. Huyu mtu hasikii maombi. Anasikia amri. Basi nitafute wa kumwamrisha.

Alikuwa na sajenti wake wa zamani, mtu wa Kishapu, amestaafu kabla yake, anafuga. Nilikuwa nimemsikia akitajwa, sijawahi kumwona. Nikapanda basi hadi Shinyanga, nikaunganisha hadi Kishapu, bila kumwambia mume wangu ukweli. Nilimwambia naenda kununua mchele. Nilifika siku ya mnada, vumbi, ng'ombe, watu wanapiga kelele, nikaulizauliza hadi nikaonyeshwa mzee mrefu mwenye kofia iliyochakaa, anabishana na mnunuzi juu ya dume moja jeupe. Anabishana kwa sauti ambayo hata ng'ombe walikuwa wamesimama wima.

Nikapiga goti palepale kwenye samadi. "Shikamoo, afande."

Akageuka upesi. Nadhani hakuna aliyemwita hivyo kwa muda mrefu. "Marahaba. Nani wewe, binti?"

"Mke wa koplo wako. Yule wa gari lililopinduka."

Fimbo aliiweka chini. Akamwambia mnunuzi, "Nenda, nenda, dume siuzi tena." Akanishika mkono akaninyanyua. "Yule aliyenivuta mimi kwa ukosi wa shati? Nilikuwa nimebanwa, binti yangu. Dizeli inanitiririkia kichwani. Yule ndiye aliyenitoa. Haya niambie, hajambo?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mhola duhu." Mimi! Niliyesafiri mikoa kumtafuta, niliyekuwa siwezi kulala! Mdomo ulijibu wenyewe. Nikauziba kwa mkono, machozi yakanitoka, nikasema, "Hapana, afande. Si mhola. Anashuka shimoni na mguu hauna kazi. Atakufa."

Nikamweleza. Alisikiliza ametazama chini. Nilipomwambia kwamba bodi ilisema amepona, akainua kichwa. "Najua alichowajibu. Alisema fiti."

"Sijui, hataki kuniambia."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Afande akikuuliza hali, jibu ni moja. Nilimkimbiza uwanjani hadi akalijua." Akaiokota fimbo yake. "Sasa unataka nikufanyie nini?"

"Umwamrishe."

"Nimwamrishe mumeo?"

"Aombe uamuzi uangaliwe upya. Mimi ameshanishinda."

Alicheka hadi kofia ikamtoka, watu mnadani wakageuka kutazama. Lakini kesho yake alikuwa ndani ya basi pamoja nami, kavaa koti la harusi, anatafuna muwa hadi Geita.

Mume wangu alirudi jioni akatukuta uani. Alipomwona yule mzee, sijui nguvu alizitoa wapi, alisimama wima, visigino pamoja, kifua mbele. Mzee akaita, naye akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuje huku.

"Koplo!"

"Afande!"

"Bodi ilikuuliza hali yako, ukajibu nini?"

"Fiti, afande!"

"Wakakuamuru nini?"

"Kuinama, kuchuchumaa, kusimama, afande!"

"Ukafanya?"

"Nilifanya, afande."

"Na uliporudi nyumbani?"

Nikajibu mimi, "Alilala kifudifudi, nikamlisha uji." Hapo ndipo na mimi nilipoelewa uchovu ule ulikuwa wa nini. Mwili wake ukiamriwa unatii, halafu maumivu anayaleta nyumbani.

Sajenti akamsogelea, sauti sasa ya chini. "Koplo, wewe ulipeleka taarifa ya uongo kwa wakubwa. Walitaka kujua hali ya askari, ukawadanganya. Anayepeleka taarifa ya uongo anafanywa nini?"

"Anaadhibiwa, afande."

"Adhabu yako ni kurudi ukapeleke ya kweli. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

"Na shimoni usishuke."

Hapo mume wangu hakusema ndiyo. Alisema polepole, "Afande, na hawa watakula nini?" Watoto walikuwa wamejipanga mlangoni wanatazama. Yule mzee akawageukia watoto. Amri ya hilo hakuwa nayo.

Kwa hiyo tukaanza kufuatilia, na mume wangu akaendelea kushuka. Ndugu zangu, hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa bila tumaini, sasa nikawa naogopa nikiwa na tumaini, na hiyo haina usingizi kabisa. Tulikwenda hospitali kupiga picha ya mgongo. Daktari akaishikilia kwenye mwanga, akatuonyesha mahali mfupa ulipokaa vibaya ukabana mishipa ya fahamu, akamuuliza mume wangu anatembeaje. Yule msaidizi wa kisheria alitutengenezea maombi, mume wangu akasaini kwa mkono mzito. Tukaambiwa tusubiri, mtaitwa. Nikipiga simu, subirini, mama. Nikienda mwenyewe, mama, umerudi tena? Nimerudi, baba, mume wangu yuko chini ya ardhi unapoongea na mimi. Kijana wa mapokezi akawa akiniona anachukua chai yake anahamia chumba cha pili. Simlaumu, hata mimi ningejikimbia.

Tukaitwa. Asubuhi ile nilimvalisha viatu, tukasafiri, tukaingia kwenye chumba chenye meza ndefu na kitanda cha kupimia. Mimi nikaruhusiwa kama msindikizaji, nikae kwenye benchi ukutani. Mwenyekiti wa bodi alikuwa afande mwanamke, daktari, mwenye miwani na sauti ya upole. Akaangalia picha ya mgongo. Akainua macho akatabasamu.

"Habari yako, mzee wangu? Unaendeleaje?"

Mume wangu akasimama wima. Kifua mbele.

"Fiti, afande!"

Nikaona kalamu za wajumbe wa bodi zinainama kuandika. Baada ya yote yale! Baada ya mnada na sajenti na picha na kijana wa chai! Sikumbuki kuamka kwenye benchi. Nilijisikia tu nimesema, kwa sauti ile ninayoitia wateja, "Muongo!"

Wazee mliomo humu mnajua uzito wake. Mwanamke wa kwetu hamwiti mumewe muongo hata jikoni kwa kunong'ona, seuze mbele ya wakubwa wake. Mume wangu aligeuka akanitazama, na macho yale, mimi nitakufa nayo.

Mwenyekiti akasema, "Mama, tafadhali, kaa."

"Siwezi kukaa, afande. Mnisamehe. Lakini mkimuuliza hali yake, huyu anawasalimu tu. Hawajibu, anawasalimu! Muulizeni leo asubuhi viatu vyake kavifunga nani."

Yule mama alinitazama kwa muda. Akavua miwani. Akamgeukia.

"Koplo, viatu vyako kavifunga nani?"

Salamu alikuwa na jibu lake, hili hakuwa amefundishwa uwanjani. Na uongo wa kukusudia mume wangu hana, huo ndio ukweli wake.

"Mke wangu, afande."

"Kwa nini?"

"Siwezi kuinama, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu gari lilipopinduka, afande."

"Bodi ya kwanza ilikuona unainama."

"Niliamriwa, afande."

Yule mwenyekiti akainamisha kichwa kidogo. Aliponyanyua, alisema, "Mimi sikuamrishi kitu. Nakuomba. Panda hapo kitandani, ulale, halafu ushuke kama unavyoshuka nyumbani kwako, mkiwa wenyewe."

Akapanda. Akalala. Akajiviringisha. Akatanguliza magoti kwenye sakafu ile inayong'aa, akashika ukingo. Mguu ukakataa. Akajaribu tena, anahema, jasho linamdondoka puani. Nilitaka kukimbilia, mwenyekiti akaninyooshea kiganja nisubiri. Akajaribu mara nyingine, mkono ukateleza, paji la uso likagusa godoro. Yule mama akasema, "Inatosha." Akazunguka meza mwenyewe, akashika kwapa moja, mimi nikashika la pili, tukamwinua.

Kwenye basi hakunisemesha. Tulipofika Geita ndipo aliposema, "Umenivua nguo mbele ya wakubwa."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Ningekufa ningekuwa mtu."

Nikamwambia, "Ungekufa ungekuwa maiti, Baba Kulwa. Watoto wangu nitawaonyesha kaburi la mtu fiti?" Hakunijibu. Alininunia siku nyingi, na asubuhi alikuwa anavaa kandambili ili nisimfunge kamba. Na shimoni alikuwa anashuka na kandambili hizohizo! Nilikaribia kuungana na wale wanaotembea wanaongea peke yao.

Majibu yalikuja. Uamuzi wa kwanza umetenguliwa. Ulemavu umekubaliwa kwamba ulitokana na kazi, atalipwa kila mwezi, na mgongo utatibiwa. Malipo ya miaka iliyopita hayakutajwa, na hilo bado tunalifuatilia, yule kijana wa mapokezi atanywa chai nyingi. Mume wangu alisomewa karatasi ile, akaomba isomwe tena. Halafu akachukua tochi yake ya kichwani, akaenda hadi duarani, akampa yule aliyemwekea bega. Akarudi nyumbani mchana, jua likiwaka, hana tope.

Nawashukuru. Nakushukuru wewe uliyeweka bega lako pale kwenye matimba, najua umo humu, usijifiche nyuma ya nguzo. Namshukuru sajenti aliyeacha dume lake bila kuliuza. Namshukuru yule dada wa Shinyanga aliyeniambia wakubwa ni watu, na yule mama aliyezunguka meza. Namshukuru Mungu niliyemkasirikia, ambaye hakunikasirikia. Na ninyi mlioniita Ambulensi, asanteni, angalau mlikuwa mnanipisha njia.

Ninalowaachia ni hili. Mwenye uamuzi wa zamani uliomkalia kifuani, wa jeshi, wa mgodi, wa popote, asiseme umekwisha mpaka ameuliza kama unaweza kuangaliwa upya. Kaulizeni. Mkiambiwa subirini, subirini mlangoni kwao. Na ninyi mnaouguza watu majumbani, wake kwa waume, msiwe mnauliza hali halafu mkaridhika na jibu. Tafuteni swali jingine. Mimi wasiwasi haujaniisha, mnaona wenyewe nimeshawamalizia sakafu kwa kutembea. Lakini kuna kitu nimekipata ambacho sikukitarajia, na nikishakisema nawaachia nafasi.

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni napuliza moto. Akaniita kutoka chumbani.

"Mama Kulwa."

"Abee."

"Njoo."

Nikaenda mbio, bila shaka. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Akaniangalia, hakuniuliza naangalia nini. Akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu anioe, "Inauma."

Nikamuuliza, "Wapi?"

Akanionyesha.